Kila Kitu na Mwenyewe

Mtu akila mkate wake ana haki ya kuula kwa amani. Mimi amani hiyo sina tena. Kwenye vikao vya kazini, vile ambavyo chai ya saa nne huja na vipande viwili vya mkate mkavu vilivyobana jani la saladi na nyanya iliyokatwa kwa ubahili, wenzangu wanatafuna na kuendelea na ajenda. Mimi namwona bwana mmoja wa Kiingereza kakaa kiti cha pembeni, kavaa nywele za bandia, anasubiri nimshukuru. Nimshukuru kwa lipi?

Anaitwa John Montagu, Earl wa nne wa Sandwich, aliyezaliwa 1718 na kufariki 1792. Wanaopenda kumsema husimulia kwamba alikuwa mcheza kamari asiyetaka kunyanyuka mezani, akaagiza aletewe nyama ndani ya mkate ili mchezo usikatike. Wanaomtetea husema hapana, huyu alikuwa waziri wa jeshi la majini, mtu wa mafaili, na yaelekea alikula hivyo akiwa kwenye meza ya kazi. Haya, tumpe hilo la mafaili. Lakini alifanya nini hasa? Unga hakukanda. Mkate hakuoka. Ng'ombe hakuchinja. Aliagiza! Jikoni kulikuwa na mtu mwenye kisu na mikono, ndiye aliyekata mkate ule akapachika nyama, na hakuna aliyepoteza hata tone la wino kwa ajili yake. Mwalimu wa Kiyahudi aliyeitwa Hillel alishakunja mboga chungu ndani ya mkate usiotiwa chachu miaka zaidi ya 1,700 kabla ya huyu bwana. Bibi yangu alikuwa akikunja chapati juu ya maharage, akaila huku anatembea kwenda shamba, jembe begani. Hakuna mgahawa hata mmoja uliowahi kuandika jina la bibi ubaoni. Kosa lake ni kuzaliwa bila cheo.

Tena si mkate tu. Mwaka 1778 Kapteni James Cook alipofika Hawaii, akaviita Visiwa vya Sandwich, kwa kuwa huyo ndiye aliyekuwa bosi wa majini kule nyumbani. Uchawa haukuanza leo, jamani. Wenyeji, kwa busara zao, waliendelea na Hawaii yao, na yule bwana akabakia na kitafunwa.

Tangu niyajue haya, siku yangu imeharibika kuanzia alfajiri. Kabla sijasalimiana na mtu hata mmoja wa nyumbani kwangu, nimeshapishana na marehemu chungu nzima. Nawasha taa: wati ni James Watt, Mskoti wa injini za mvuke, aliyefariki 1819. Glopu hakuwahi kuiona hata ya kuazima. Kipimo kilipendekezwa kwa jina lake mwaka 1882, akiwa ameshakaa kaburini miaka zaidi ya 60. Ile uniti ninayonunua kwa simu, kisha nikapanda kwenye kigoda kubonyeza tarakimu 20 za luku huku mama watoto ananisomea gizani, ni kilowati-saa, yaani ni jina la huyo mzee linakatwa humo ndani mpaka liishe. Volti ni Alessandro Volta wa Italia. Ampea ni André-Marie Ampère wa Ufaransa. Omu ni Georg Ohm wa Ujerumani. Fundi umeme wa mtaani kwetu huwataja wote kwa mpigo kabla hajataja bei, na nina hakika huwa anaongeza hela kidogo kwa kila marehemu. Nafungua kalenda nione namna ya kumpiga tarehe: Julai, Julius Caesar. Nasogeza mbele: Agosti, Augustus. Nimezungukwa.

Natoka zangu, napanda daladala, nayo inanguruma kwa dizeli. Hapa inabidi nipunguze mdomo, maana Rudolf Diesel simlaumu. Huyu alifanya kazi. Alihangaika na injini yake pale Augsburg, Ujerumani, mpaka mwaka 1897 ikasimama mbele ya watu ikaonekana inafaa. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na inasemekana watazamaji wengi hata hawakushtukia. Karanga! Na sisi hapa, Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, wakatuachia mapori yaliyokwanguliwa na hasara ya mamilioni ya pauni. Lakini hiyo ni safu nyingine.

Mwisho wa Diesel unauma. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alikuwa ndani ya meli, anatoka Antwerp kwenda Uingereza. Akala chakula cha usiku, akaomba aamshwe saa kumi na mbili na robo asubuhi, akaingia chumbani. Asubuhi kitanda kilikuwa hakijalaliwa. Mwili ulikutwa baharini siku kadhaa baadaye. Nyuma yake aliacha madeni ya kutisha. Na leo jina la mtu huyo aliyekufa akidaiwa linatajwa kila mwezi inapotangazwa bei kikomo, nasi tunalitaja kwa sauti ile ile ambayo bila shaka wadai wake walikuwa wakilitajia.

Nikifika kazini nashika kalamu, na hapo wivu wangu unachemka, maana kalamu hii ilibuniwa na mwandishi wa habari mwenzangu. László Bíró wa Hungaria aliona wino wa mitambo ya magazeti unakauka haraka, wake wa kalamu unamchafua mikono, akaumiza kichwa mpaka akapata kile kigololi kinachozunguka kwenye ncha. Akakimbilia Argentina wakati wa vita, akaendelea nayo huko. Kisha akaja Mfaransa, Marcel Bich, akanunua haki za ubunifu ule, akaanza kutengeneza za bei poa mwaka 1950, na kwenye jina la bidhaa akadondosha herufi ya mwisho ya jina lake. Ikawa Bic. Matokeo yake, ukivuka Namanga mwanafunzi wa Kenya anakuomba biro, na upande huu wa kwetu mwanafunzi anakuomba biki. Mmoja anamshika mbunifu, mwingine anamshika mfanyabiashara. Sisemi nani ana akili zaidi, nataka kuendelea kwenda Nairobi bila maswali.

Wapo walioingia kwenye kamusi kwa jasho, ila si jasho la aina unayoitaka. Kapteni Charles Boycott alikuwa Mwingereza aliyemsimamia Lord Erne mashamba yake huko Mayo, magharibi mwa Ireland, kando ya ziwa la Lough Mask. Mwaka 1880 hali ilikuwa ngumu, wapangaji wa mashamba wakaomba wapunguziwe kodi, mwenye mali akapunguza kiduchu, na kapteni akaanza kupelekea watu hati za kuwafukuza. Basi wakamnunia. Si kununa kwa mawifi, hapana, wilaya nzima ilinuna. Vibarua wakaweka majembe chini. Anayefua akaacha kufua. Mhunzi akagoma kugusa kwato za farasi wake. Wenye maduka wakakataa kumuuzia. Hata kijana wa kupeleka barua akaacha kupeleka. Hakupigwa kofi, ila kila alikogeuka aliona migongo.

Kapteni akaandika barua ya malalamiko kwa gazeti la The Times la London, kama tufanyavyo sisi walalamikaji tuliobobea. Ikazuka harambee. Wakaletwa vibarua 50 wa Kiprotestanti kutoka Cavan na Monaghan waje kumvunia, wakisindikizwa na askari wapatao 1,000. Askari 1,000 kulinda viazi na tanipu! Hesabu zilizopigwa baadaye zilisema zilitumika kama pauni 10,000 kuokoa mazao ya kama pauni 500. Nimeshakuwa katibu wa kamati za harusi na nimeona bajeti za kuliza, lakini hii imenishinda. Mavuno yalipokwisha, kapteni na mkewe waliondoka ndani ya gari la wagonjwa la jeshi, maana hakuna mwenye kigari aliyekubali kuwabeba.

Padri wa pale, John O'Malley, ndiye anayesifiwa kwa kupendekeza jina la kapteni liwe jina la jambo lenyewe, kwa kuwa neno la kisomi lililokuwepo lingewakaba wakulima kooni. Kabla mwaka haujaisha likawa magazetini, kisha likaingia Kifaransa, Kijerumani na Kiholanzi. Wafanyabiashara wa Kihindi walipoacha kununua karafuu za Zanzibar mwaka 1937, jina la yule yule msimamizi wa viazi likavuka bahari na kutua Forodhani. Mimi nilipokataa kuchangia sendofu ya mtoto wa binamu, kundi la WhatsApp la ukoo lilininunia kwa ustadi ambao watu wa Mayo wangeuonea gere. Shangazi alikuwa anajibu salamu za wote, anairuka ya kwangu. Kuna kamusi iliyonipigia simu? Hakuna.

Jina ukishapewa, tena, huwezi kurudisha. Daktari Joseph-Ignace Guillotin hakuipenda adhabu ya kifo. Mwaka 1789 alisimama bungeni Ufaransa akasema kama lazima watu wauawe, basi wote wauawe kwa njia moja ya haraka isiyo na mateso, tajiri kwa maskini. Aliyechora mashine ni daktari mwingine, Antoine Louis. Aliyeijenga ni Mjerumani fundi wa vinanda, Tobias Schmidt. Mashine ikaanza kazi Aprili 1792 na jina likamwangukia aliyetoa hoja tu. Ndiyo maana kwenye vikao vya mtaa mimi siku hizi sitoi hoja. Nanyoosha mkono wakati wa mengineyo, naulizia soda.

Jumamosi ya mechi ndiyo hunimaliza kabisa. Mtaa mzima umevaa nyekundu au njano, redio zinapiga kelele, na kila kinywa kinasema dabi ya Kariakoo. Mnajua dabi ni nani? Ni Edward Smith-Stanley, Earl wa 12 wa Derby, bwana wa farasi. Mwaka 1780 palianzishwa mbio za farasi pale Epsom, na inasimuliwa kwamba yeye na rafiki yake, Sir Charles Bunbury, walirusha sarafu kuamua zichukue jina la nani. Derby akashinda sarafu. Mbio zilipokimbiwa, farasi wa kwanza kufika, Diomed, alikuwa wa Bunbury! Kwa hiyo mmoja alichukua kombe, mwenzake akachukua kamusi, na jina likahama polepole kutoka kwa farasi hadi kwa wanaume 22 wanaokimbizana na mpira. Sarafu ile ingeangukia upande wa pili, leo mtangazaji angekuwa anakauka koo kwa bunbari ya Kariakoo. Nilimweleza hivyo mpwa wangu, shabiki wa kutupwa, kwenye dakika ya themanini na kitu. Akaniambia, "Anko, naomba ukae kimya mpaka ipulizwe."

Anayenichoma zaidi ya wote, lakini, yuko kitandani kwa mwanangu mdogo. Ana manyoya ya kahawia, jicho moja limelegea, na nililipa hela za kununua kuku wawili ili aje kukaa pale. Ni tedi bea. Huyo Tedi ni Theodore Roosevelt, rais wa Marekani, ambaye kwanza jina lenyewe la Teddy alikuwa halipendi.

Novemba 1902 Roosevelt alikwenda kuwinda dubu Mississippi. Inasimuliwa kwamba wenzake walipata, rais hakupata kitu. Kiongozi wa msako alikuwa Holt Collier, mwindaji mweusi aliyezaliwa mtumwa, ambaye dubu aliokwishawaua hawahesabiki kwa vidole vya ukoo mzima. Collier ndiye aliyemfukuzia dubu, akamkuta anapambana na mbwa wake, akampiga kichwani kwa kitako cha bunduki, akamfunga kamba kwenye mti akiwa hai, kisha akampigia rais baragumu aje apige risasi. Hebu fikiria kazi hiyo: kumfunga dubu mzima kamba ili bosi asirudi mikono mitupu! Roosevelt akafika, akatazama, akakataa. Akasema si uungwana kumpiga mnyama aliyefungwa. Akaagiza wammalize kwa kisu ili asiteseke, wakammaliza.

Mchoraji katuni Clifford Berryman akaichora habari hiyo kwenye The Washington Post, na katika michoro yake iliyofuata dubu akawa anapungua umri, mpaka akawa kitoto chenye masikio ya duara kinachotia huruma. Kule Brooklyn, Morris Michtom na mkewe Rose, wenye duka la peremende, wakashona dubu wa kitambaa, wakamweka dirishani, wakamwita dubu wa Teddy. Mengine mnayajua, mmeyalipia. Sasa nipigieni mahesabu. Aliyemkamata dubu ni Collier. Aliyeshona mdoli ni mama Rose. Aliyekufa ni dubu. Aliyesema "sipigi" ni Roosevelt, na ndiye mwenye jina.

Ningenyamaza kama hadithi ingeishia hapo. Lakini huyu mpole wa madubu alipomaliza urais, Machi 1909, mwezi uliofuata alikuwa ameshatua Mombasa. Akapanda reli ya Uganda, wakamtengenezea kiti mbele ya kichwa cha treni atazame wanyama vizuri, wapagazi kwa mamia wakajitwika mizigo yake, na yeye na mwanawe Kermit wakaanza kazi. Kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe, baba na mwana walipiga wanyama na ndege 512. Humo mna simba 17, tembo 11 na vifaru 20. Wengi walipelekwa kwenye makumbusho ya Smithsonian kule Washington kwa ajili ya elimu, sikatai. Ila simba wetu walikosea jambo moja: hakuna aliyewafunga kamba mapema. Wangefungwa, labda mtoto wangu angekuwa analala na tedi simba.

Nilipomweleza hayo mama watoto, alikuwa anakunja nguo. Akasikiliza mpaka mwisho, akanitupia soksi. "Baba watoto, wewe hasira yako si ya Roosevelt. Wewe unataka na wewe uitwe kitu."

Ndiyo, nataka! Na sitaki cha Kiingereza. Sisi tunao utaratibu wetu wa kugawa majina na una viwango vyake. Kenneth Kaunda alivaa koti lake la mikono mifupi na suruali ya kitambaa hicho hicho, na kutoka Lusaka hadi Mombasa vazi likawa suti ya Kaunda. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya alipiga marufuku kuingia nayo bungeni, na nakwambia hiyo ndiyo heshima, kufukuzwa bungeni huku umeshafariki tangu 2021. Karl Benz wa Ujerumani naye tulimpokea kwa mikono miwili. Hakutupa kipimo wala mashine, alitupa kabila: Wabenzi, lisilo na mkoa wala tohara, wanachama wake wakijitambua kwa nyota iliyo mbele ya gari. Katika kabila hilo mwenye haki ni bibi Bertha, mkewe, aliyetoa mahari yake kuokoa karakana, kisha Agosti 1888 akalichukua gari bila kumuaga mume, akaliendesha na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, akizibua bomba la mafuta kwa pini ya kofia. Mama watoto aliposikia hapo aliacha kukunja nguo. Tusiendelee.

Mimi siombi kabila wala suti. Naomba kituo cha daladala. Mjini hapa kituo hakina kamati wala sarafu ya kurusha. Makonda wakishakuzoea, umekwenda: Kwa Azizi Ali, Mbezi Kwa Msuguri, Tegeta Kwa Ndevu. Ndevu! Mtu kaacha kunyoa, kapewa kituo, na abiria wanashuka kwake usiku na mchana. Jirani yangu fundi pikipiki naye anacho, kwa jina lake la utani, na kazi aliyoifanya ni kuegesha matairi mabovu barabarani.

Basi nikaamua kujisaidia. Kila nikikaribia nyumbani nasema kwa sauti ya kutosha, "Konda, shusha Kwa Mwandishi."

"Wapi, mzee?"

"Kwa Mwandishi. Pale mbele, ukishapita daraja."

Konda akachungulia dirishani, akanitazama, akagonga bodi la gari. "Aaa, Jalalani! Wa Jalalani wapo? Jalalani shusha!"

Wakainuka nusu ya abiria. Dada mmoja mwenye ndoo ya samaki akanipita mlangoni, akasema, "Na wewe baba, si useme Jalalani kama watu?"

Sikukata tamaa. Nimeendelea kulitaja, naongeza sauti, namtajia kila konda wa njia ile, zamu ya asubuhi na ya jioni. Na kazi yangu imezaa matunda, maana sasa wananijua wote, na watoto wa pale kituoni nao wananijua. Juzi nilikuwa bado sijaweka mguu chini nikasikia wanaitikia kwa pamoja, na magoti wamekunja kwa adabu kabisa: "Shikamoo, Mzee Jalalani!"